Maneno Niliyomwambia Dale

Moraa mwanangu,

Mama yako yuko sebuleni anapanga masanduku yako kwa mara ya tatu, na kila akikumbuka kitu anakuita. Kwa hiyo habari za koti zito, mafuta ya gari, dawa zako za mzio na nani wa kumpigia simu ukiugua, hizo namwachia yeye. Atazisema zote na atazirudia. Mimi nimejifungia chumbani, jua bado liko juu, niandike jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka kumi na mitatu.

Naliandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, na najua ukinijibu utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako. Lakini ukifika mbele utaona kwa nini barua hii isingeweza kuandikwa kwa lugha nyingine.

Jumapili iliyopita, walipokuita mbele kanisani ili tukuombee safari yako ya kuhamia mji wa Duluth, mchungaji alikupa maikrofoni. Ukasimulia kisa ambacho umekisimulia tangu darasa la watoto. Ulisema kwamba ulipokuwa na miaka sita, polisi walimsimamisha Baba barabarani wakamwomba awasaidie kumtafuta mtu aliyepotea, na Baba akaacha gari lake akaenda nao mpaka kesho yake. Ukasema hapo ndipo ulipojifunza kwamba mtu akiombwa msaada anaacha shughuli zake. Watu walipiga makofi. Mimi niliangalia viatu vyangu. Tulipoingia kwenye gari, wewe ukiwa bado unaagana na wenzako, mama yako aliniambia: "Mtoto anaenda kuanza maisha yake na uongo wako mkononi. Mwambie kabla hajaondoka."

Hakuna mtu aliyepotea, Moraa. Siku ile nilikamatwa.

Nianze mwanzo. Majira yale ya baridi tulikuwa Columbia Heights, hapa Minnesota, kwenye yale majengo mawili ya ghorofa tatu yanayotazamana, katikati eneo moja la kupaki magari. Mimi nilikuwa natunza wazee, nafanya shifti ya usiku. Mama yako alikuwa anasomea uuguzi mchana na kufanya kazi jioni. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama watu wa zamu.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kazini nikakuta theluji imefika magotini. Mji ulikuwa umetangaza magari yaondolewe barabarani ili mitambo ipite, na la kwangu lilikuwa barabarani. Nikachukua koleo nikachimba nafasi moja kwenye eneo letu, karibu saa nzima, mgongo ukiniuma, vidole sivisikii. Nilipomaliza nikaenda kulileta gari. Niliporudi nikakuta nafasi yangu imeingiwa.

Aliyeingia alikuwa Dale. Humkumbuki, lakini alikuwa jirani wa jengo la pili, mzungu wa miaka sitini na kitu, amestaafu, ana goti bovu. Hadi siku ile tulikuwa tunasalimiana kwa kuinua kidevu tu. Nilishuka nikamwambia ile nafasi nimeichimba mimi. Akasema eneo la kupaki ni la wapangaji wote, halina jina la mtu. Alikuwa sahihi, na alisema akitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonipandisha hasira. Nadhani leo kwamba alikuwa anaona aibu tu, lakini asubuhi ile niliona ananidharau.

Koleo lilikuwa bado kwenye buti la gari. Nililichukua, nikaliinua juu ya bega kwa mikono miwili, nikamwendea. Nikapiga kelele kwa Kiswahili. Yeye akarudi nyuma, akateleza, akashika kioo cha gari lake asianguke. Hapo nikasimama. Nikashusha koleo, nikarudisha gari barabarani, nikapanda juu nikalala. Nataka ujue hilo pia: nililala, na usingizi ulikuja vizuri.

Waliokuja kuniamsha walikuwa askari wawili. Niliwaambia sikumgusa. Nikarudia mara tatu kwamba sikumgusa, kwa sababu ilikuwa kweli, na nilidhani ndicho kitu pekee ambacho sheria ingetaka kujua. Wakaandika, wakanipa karatasi yenye mashtaka mawili: shambulio la daraja la tano, na kuvuruga amani. Chini kulikuwa na tarehe ya kufika mahakamani.

Nilicheka. Akilini mwangu, kumshambulia mtu ni kumpiga. Nilikuja kujifunza kwamba kwa sheria ya Minnesota, kufanya kitendo kwa nia ya kumtia mtu hofu kwamba ataumizwa pale pale ni shambulio tayari. Huhitaji kumgusa. Daraja la tano ndilo la chini kabisa katika mashambulio, lakini bado ni jinai.

Rafiki yangu Osoro, tuliyekuwa tunafanya naye kazi, aliiangalia ile karatasi wakati wa chai akasema ni tiketi tu, kama ya kupaki vibaya, na nisipopata barua nyingine basi imeisha. Nilimwamini kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Nikaitia kwenye droo ya jikoni chini ya karatasi za pizza. Tarehe ilipofika, nilikuwa nimeshika shifti ya mtu. Sikuikumbuka hata kidogo.

Hili ndilo kosa langu la pili, na wakati mwingine naona lilikuwa la kijinga kuliko la kwanza. Karatasi ya mahakama haizeeki ikiwa droo imefungwa. Kule mahakamani, kiti changu kilipokuwa kitupu, jaji alitoa hati ya kunikamata. Ikaingia kwenye kompyuta ya kila gari la polisi, ikakaa ikinisubiri.

Ilinisubiri wiki tano. Mchana ule nilikuwa nimekuchukua shuleni, tunapita Central Avenue, taa ya nyuma ya gari imeungua. Askari akatusimamisha kwa ajili ya taa. Alichukua leseni yangu akarudi garini kwake, akakaa muda mrefu. Aliporudi aliongea kwa sauti ya chini, akaniambia kuna hati ya kunikamata. Akakuangalia wewe kwenye kiti cha nyuma, umevaa kofia yenye masikio. Akaniuliza kama kuna mtu wa kuja kumchukua mtoto. Nikampigia mama yako, akatoka darasani akaja na teksi. Askari alisubiri. Hakunifunga pingu mpaka gari letu lilipoondoka nawe. Simjui jina lake, na sijapata nafasi ya kumshukuru.

Kabla ya kushuka niligeuka nikakwambia Baba anaenda kuwasaidia polisi, kuna mtu amepotea. Ukanijibu kwa Kiingereza chako cha darasa la kwanza: sawa, Baba, mtafute haraka.

Nililala ndani usiku mmoja. Sitakueleza ya ndani, hayana cha kukufaa. Kesho yake nilipelekwa mbele ya jaji.

Nilikuwa na picha ya mahakama ya nyumbani, ya kaka yangu mkubwa aliyewahi kuwa karani huko Kisii: mtu anasimama kizimbani, anasomewa, anaulizwa ni kweli au si kweli. Hapa nilikuta watu kama thelathini tunasubiri, na kila mmoja anapata dakika chache. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani, hana haraka wala ukali. Aliniuliza kama nahitaji mkalimani. Nikasema hapana, kwa majivuno. Nilikuwa nimefaulu Kiingereza shuleni, mimi, niwekewe mtu wa kunitafsiria? Kisha akaniuliza kama nakubali mashtaka yasisomwe kwa sauti, na kwa Kiingereza neno lile la kuacha haki yako linatamkwa sawasawa na neno la kupunga mkono. Sikuelewa. Nikainua mkono nikaupunga kidogo. Watu wakacheka, jaji hakucheka. Akaniuliza tena kuhusu mkalimani, na mara hii nikasema ndiyo.

Usije ukaona aibu kuuliza neno mbele ya watu wenye vyeo. Wewe Kiingereza ni chako, lakini Kiingereza cha mahakamani si cha mtu yeyote. Hata wazaliwa wa hapa wanakisaini bila kukijua.

Jaji aliniachia nirudi nyumbani bila dhamana ya pesa, kwa masharti. Sharti moja lilikuwa nisiwasiliane na Dale kwa njia yoyote, si kwa mdomo, si kwa kumtuma mtu. Ndiyo maana miezi ile tulikuwa tunapita mlango wa nyuma, na ukiniuliza nakwambia wa mbele una barafu. Huo nao uongo, uhesabu.

Kwa kuwa sikuweza kumlipa wakili, mahakama ilinipa wa umma. Aliitwa Karin, msichana mwembamba mwenye mafaili mengi kuliko mikono. Nilimdharau dakika za mwanzo kwa umri wake. Ndani ya robo saa alikuwa amenichorea sheria ya jimbo hili nyuma ya bahasha, kama ngazi. Chini kabisa akaweka tiketi ndogo, za mwendo kasi na kupaki: unalipa faini, na kisheria wala hazihesabiwi kuwa uhalifu. Juu yake makosa madogo, ambayo yanaweza kukuweka jela hadi miezi mitatu. Yangu mawili yalikuwa hapo. Juu yake makosa mazito kidogo, ambayo mwisho wake ni mwaka mmoja. Na juu kabisa jinai kubwa, zinazozidi mwaka, ambazo zinakunyang'anya hata kura na bunduki. Akaniambia watu wengi hupanda ngazi ile bila kuona, kwa kupuuza kilicho chini.

Akaniuliza kama mimi ni raia. Nikamwambia nina grini kadi, na mwaka ule ule nilikuwa nataka kuomba uraia. Akaweka kalamu chini.

Kiongozi wa mashtaka, wakili anayesimama kwa niaba ya mji, alikuwa ametoa ofa: nikiri shambulio, la pili lifutwe, nisifungwe hata siku moja zaidi. Nilimwambia Karin nipe nisaini. Nilikuwa nimechoka. Nilikotoka, mtu akisema nimekosa, wazee wanamwonya, wanampa mkono, yanakwisha. Nilidhani kukiri ni adabu.

Maneno aliyonijibu nimeyashika mpaka leo, na ninakupa kama alivyonipa: "Usikiri ili uwahi kwenda nyumbani. Ukikiri, kiri kwa sababu unakiri."

Kisha akanieleza. Karatasi ile ingesomwa na watu watatu baada ya jaji. Wa kwanza, ofisi inayochunguza watu wanaotunza wagonjwa: shambulio lingeweza kunitoa kazini miaka mingi. Wa pili, afisa wa uhamiaji. Wa tatu, mwenye nyumba yeyote nitakayeomba kupanga kwake. Akaniambia hatia si neno linalotamkwa siku moja likapotea hewani. Akaenda kuuliza wakili wa mambo ya uhamiaji, akarudi baada ya wiki mbili na majibu, tukakataa ofa. Nikakana mashtaka. Kukana, Moraa, maana yake si kusema "sijafanya kitu." Maana yake ni kumwambia mwenye kukushtaki: thibitisha. Kazi ya kuthibitisha ni yake, si yako, na anatakiwa athibitishe mpaka isibaki shaka yoyote ya maana. Hilo lilinichukua muda kulielewa, maana nililelewa kwamba mshtakiwa ndiye anayejitetea.

Kesi ilisikilizwa siku moja na nusu. Kwa makosa madogo wanaketi raia sita. Kwa jinai kubwa wanakuwa kumi na wawili. Wangu walikuwa sita: fundi bomba, mwalimu, mama mmoja Msomali mwenye hijabu ya kijivu, mwanafunzi, na wazee wawili. Jaji anasimamia sheria, lakini wao ndio wanaoamua kilichotokea. Na lazima wakubaliane wote.

Dale alipanda kutoa ushahidi. Nilikuwa nimemchukia miezi minne. Akasema goti lake lilimsaliti aliporudi nyuma. Akasema alifikiri atakufa pale, kwenye theluji, kwa sababu ya nafasi ya kupaki gari, na kwamba baada ya hapo alianza kuangalia dirishani kabla ya kushuka. Mimi niliyekaa pale nikijiona nimeonewa, ndipo nilipomwona mtu niliyemfanyia vile kwa mara ya kwanza.

Kiongozi wa mashtaka akamuuliza nilisema nini wakati naliinua koleo. Dale akasema hajui, haikuwa Kiingereza. Karin naye akasimama akamuuliza kwa upole: kwa hiyo huwezi kuwaambia hawa watu kama alikuwa anakutishia au analalamika tu kwa hasira? Dale akafikiri, akasema hapana, siwezi kusema.

Mkalimani, Mtanzania mmoja mtulivu, alikuwa ananinong'oneza tafsiri ya kila neno. Mimi nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua nilichosema.

Usiku uliotangulia Karin alikuwa ameshanieleza kwa simu kwamba nina haki ya kutotoa ushahidi, na kwamba jaji angewaagiza wale sita wasiichukue hiyo kuwa dalili ya hatia. Aliniambia pia kwamba nikipanda pale siwezi kusema uongo, na yeye hataniruhusu. Uamuzi ni wangu. Niliamua kunyamaza, na nilinyamaza.

Wale sita walirudi na uamuzi baada ya muda wa saa tatu. Kwenye shambulio: hana hatia. Kwenye kuvuruga amani: ana hatia. Mama yako alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Jaji alinipa faini, mafunzo ya kudhibiti hasira na mwaka mmoja chini ya uangalizi. Nilibaki na kazi.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa muda nilijaribu. Watu wa nyumbani walisema nimeshinda. Osoro alisema alijua tu itakuwa hivyo. Lakini nilikuwa nikienda kwenye mafunzo yale kila Jumatano, tunakaa kwenye duara, kila mtu anasimulia, na zamu yangu ikifika nasema "nilimpigia mtu kelele." Kila Jumatano nilijua kuna kipande nimekikata.

Maneno yenyewe haya hapa. Nilimwambia: "Ondoa hili gari, mzee, au nikupasue kichwa hapa hapa, na hakuna atakayekuokota." Ndivyo nilivyosema. Wewe unajua Kiswahili, umeyasikia jinsi yalivyo. Kama angekuwepo mtu mmoja dirishani aliyejua lugha yetu, wale sita wangeamua vingine, na wangekuwa sahihi.

Mwaka wa uangalizi ulipokwisha, na lile sharti la kutowasiliana nalo likaisha, nilimpigia Karin. Nilimuuliza itakuwaje nikienda kumwambia Dale kila kitu. Akaniambia mtu akishaonekana hana hatia, jimbo haliwezi kumshtaki tena kwa shambulio lile lile, hata akitangaza barabarani. Kisha akasema hilo ni jibu la wakili. La kwenda au kutokwenda halimo kwenye vitabu vyake.

Nilienda Jumamosi mchana. Nilibisha hodi nikarudi nyuma hatua tatu, mikono nimeiweka mbele aione. Dale akafungua na mnyororo ukiwa bado umefungwa. Nikamwambia sikuja kwa ubaya, nina jambo moja, nikimaliza naondoka. Akasema sema.

Nikamwambia kwa Kiingereza nilichosema kwa Kiswahili. Neno kwa neno, sikulainisha. Nikamwambia nilitaka aogope, na kwamba hofu yake haikuwa ya kujitungia. Nikamwomba radhi.

Aliniangalia kwenye ule upenyo. Akasema: "Nilidhani ni kitu kama hicho." Kisha akasema: "Walipoamua vile, binti yangu aliniambia labda nimezeeka, naogopa kila kitu. Nilianza kumwamini."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, kumbe kwa mwaka mzima nilikuwa nimemwachia yeye shaka juu ya macho yake mwenyewe. Alinishukuru kwa kuja, akafunga mlango taratibu. Hakunipa mkono, na sikuona kwamba ninamdai tabasamu. Baada ya wiki mbili tukaanza tena kuinuliana kidevu. Mwaka uliofuata alihamia Inver Grove Heights kuwa karibu na yule binti yake, na nilimsaidia kushusha kochi.

Uraia nilichelewa kuuomba. Nilipoitwa kwenye mahojiano, afisa alikuwa na karatasi zangu zote, hadi ile ya taa ya nyuma. Aliniuliza kama nimewahi kukamatwa. Nikasema ndiyo, nikaeleza, bila kupunguza. Alipiga muhuri baada ya wiki sita. Ulikuja kwenye kiapo umevaa gauni la njano, ukalala nusu ya hotuba.

Na mwaka juzi, bahasha ya mahakama ikaja tena kwa jina langu. Mama yako alishtuka. Safari hii nilikuwa nimeitwa kuwa mmoja wa wale raia wanaoamua. Nilikwenda. Tulipokuwa tunachujwa, waliuliza nani amewahi kupatikana na hatia ya jambo lolote. Niliinua mkono. Jaji akaniuliza kama naweza kuwa wa haki kwa pande zote mbili. Nikamwambia naona naweza, kwa sababu nimewahi kukaa upande mmoja na nikamkosea aliyekaa upande wa pili. Mawakili waliangaliana. Walinibakiza. Kesi ile siwezi kukusimulia kirefu, lakini tulikaa mle chumbani siku mbili, watu kumi na wawili tusiojuana na sanduku la maandazi ya dukani, na hakuna aliyekuwa na haraka na maisha ya yule kijana aliyeshtakiwa. Nilitoka nimechoka na nimeridhika. Mashine hii ina watu ndani yake, Moraa. Wengine wanakosea, wengine wanachoka, na sitakudanganya kwamba kila mtu mwenye rangi yetu hukutana na askari wa kumsubiri mpaka mtoto aondoke. Unayajua yaliyotokea kati ya polisi na watu weusi katika mji huu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini ukijua mlango uko wapi na karatasi inasema nini, huingii ukiwa kipofu kama mimi.

Umeshapita miaka kumi na minane. Kuanzia sasa jina litakaloandikwa juu ya karatasi ni lako, siyo langu. Ukisimamishwa, toa jina lako la kweli na leseni, weka mikono waione. Wakitaka kukuhoji zaidi, sema kwa heshima kwamba utaongea ukiwa na wakili, kisha nyamaza kweli kweli, usinyamaze nusu. Kunyamaza unaruhusiwa. Kutunga si sawa na kunyamaza, na mimi nilichanganya mambo hayo mawili kwa miaka mingi, mahakamani na nyumbani. Kortini nilinyamaza, nikabaki ndani ya haki yangu. Kwako nilitunga, na sikuwa na haki yoyote.

Nilijitetea kwamba ulikuwa mdogo. Ulikuwa mdogo mwaka ule. Ulipofika miaka kumi na miwili hukuwa mdogo, na kumi na sita hukuwa mdogo, na kila uliposimulia kile kisa niliona fahari usoni mwako nikaipokea kama ni yangu. Niliogopa kukupotezea yule baba. Naomba unisamehe. Sitakuharakisha.

Ukiamua kukisimulia tena, kisimulie chote. Sitaona aibu. Na somo ulilojipa la kuacha shughuli zako ukiombwa msaada, libaki nalo. Ulilipata mwenyewe, na umelitenda mbele ya macho yangu mara nyingi kuliko nilivyolitenda mimi.

Nilifikiria kuificha barua hii kwenye sanduku lako ili uikute huko ukiwa umeshafika, mimi nikiwa mbali. Mama yako ameikataa fikra hiyo, na ana haki. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, tukishamaliza kula, uisome chumbani kwako. Kesho kuna saa mbili na nusu za barabara mpaka Duluth. Mama yako amesema atakaa nyuma na masanduku. Mimi nitakaa mbele, kando yako. Wewe ndiye utakayeendesha, na ukitaka kuniuliza kitu, uliza.

Baba yako